Siku mbili Veliky Novgorod, na Kirusi cha kuokoteza

Mdogo wangu anasoma St Petersburg. Nilipokwenda kumwona mwezi Juni nikamkuta yuko katikati ya mitihani, macho mekundu, madaftari yamejaa kitandani. Siku ya tatu akaniambia, "Dada, usikae humu ndani unanisubiri mimi. Panda treni uende Novgorod, urudi keshokutwa." Nikamwambia Kirusi sijui hata neno. Akachukua karatasi, akaniandikia herufi zao zote 33, na pembeni ya kila herufi sauti yake kwa Kiswahili. "Hii inakutosha," akasema. Kweli ilinitosha, na ndiyo maana naandika haya, kwa sababu najua wengi wetu huiacha safari ya namna hii kwa kuogopa lugha tu.

Nianze na tiketi, maana hapo ndipo nilipotaka kupotea. Urusi ina Novgorod mbili. Nizhny Novgorod ni jiji kubwa lililoko mto Volga, mashariki ya Moscow, mbali kabisa. Ninayoisema mimi ni Veliky Novgorod, iliyoko mto Volkhov, kiasi cha kilomita 200 kusini ya St Petersburg. Kwenye simu nilishachagua ile ya kwanza, ikabaki kulipa tu, mdogo wangu akaniwahi. Treni yenyewe inaitwa Lastochka, yaani mbayuwayu, inaondokea stesheni ya Moskovsky na safari ni kama saa tatu. Tiketi inakatwa kwa pasipoti, kwa hiyo hakikisha jina limeandikwa vilevile.

Pesa nenda nazo mkononi. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi kule, si dukani si kwenye mashine ya benki. Nilibeba dola, noti safi zisizo na mikunjo, nikabadilisha benki. Na ile karatasi ya uhamiaji unayopewa mpakani usiitupe, hoteli wataitaka pamoja na pasipoti ili wakuandikishe. Ramani ya mji niliipakua kabisa kabla sijaondoka, nisitegemee intaneti.

Ndani ya treni nilikuwa na karatasi yangu mapajani kama mtoto wa chekechea. А, К, М, О na Т ni kama zetu, hazina taabu. Taabu iko kwa zile zinazofanana na zetu kwa sura tu: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u. Х ni kh, na mtu aliyekulia Tanga, anayesema kheri na khanga tangu utotoni, hiyo haimpi shida. Nilikuwa nasoma kila kibao kinachopita dirishani, silabi moja moja, na vingi vilipita kabla sijamaliza. Nilipofika, kwenye kimgahawa karibu na stesheni nikaona ukutani чай. Nikaisoma polepole: cha-i. Chai! Ni neno letu lilelile. Nikamwambia yule mama wa kaunta, "Chai," naye akaniuliza kitu kilichoishia na "sakhar", nikajua ananiuliza sukari. Nilikaa na kile kikombe nikiwa na furaha ambayo sijui hata niieleze vipi. Nilikuwa nimeagiza kitu kwa Kirusi.

Kutoka stesheni hadi kremlin, yaani ngome ya mji, ni mwendo wa miguu usiozidi nusu saa. Kuta zake ni za matofali mekundu za karne ya 15, na ndani yake kuna kanisa la Mtakatifu Sofia, jeupe, lililojengwa kati ya 1045 na 1050. Juu ya msalaba wa kuba kubwa pametua njiwa wa chuma. Watu wa pale husimulia kwamba mwaka 1570, Tsar, yaani mfalme wa Urusi, Ivan wa Nne alipoleta askari wake kuwachinja wenyeji, njiwa alitua pale, akaona yanayotendeka chini, akageuka jiwe kwa hofu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia askari wa Kihispania waliokuwa upande wa Wajerumani waliuchukua msalaba ule hadi Hispania, ukarudishwa mwaka 2004. Msalaba huo wa zamani sasa umewekwa ndani ya kanisa, na ulioko juu ya kuba ni mpya. Kanisa linasaliwa hadi leo, na wanawake hujifunika kichwa wakiingia. Mtandio wangu nilikuwa nao kama kawaida, kwa hiyo niliingia bila kuazima kitambaa mlangoni kama wageni wengine. Nilisimama pembeni kimya, wenyewe wakiwasha mishumaa.

Lakini kilichonishika zaidi ni mlango wa upande wa magharibi. Ni mlango wa shaba nyeusi, umejaa picha za vitabu vitakatifu, na ulitengenezwa Magdeburg, Ujerumani, karne ya 12. Una maandishi ya Kilatini na ya Kislavoni, yaani lugha ya zamani ya Warusi, pamoja. Chini kuna vijitu vitatu, nao ni mafundi wenyewe waliojichonga humo. Mmoja wao ameshika nyundo na koleo, na juu yake kuna herufi. Nikatoa karatasi yangu. М, А, С, Т... nilichukua muda, watu wakinipita nyuma. Mastera... masteri... Avram. Fundi Avram. Ibrahimu! Jina la babu yangu mzaa mama. Herufi moja mbili zilikuwa za kizamani na hazimo kwenye karatasi, lakini jina lilisomeka. Nilirudia kulisoma mara tatu.

Sanamu kubwa iliyoko katikati ya ngome, ya kuadhimisha miaka elfu ya Urusi, iliyowekwa mwaka 1862, wageni wenzangu wote walikuwa wakiipiga picha. Mimi niliizunguka mara moja nikaingia makumbusho, kwa sababu nilitaka kuona barua.

Barua hizi ndizo zinazoipa Novgorod heshima yake ya pekee. Pana mti wenye gome jeupe uitwao beryoza. Watu wa mji ule walikuwa wakichuna gome lake na kuandika kwa kulikwaruza na kijiti cha chuma au cha mfupa, bila wino. Ardhi ya Novgorod ina maji mengi na hewa haipenyi, kwa hiyo kilichozama humo hakiozi. Hata barabara zao za magogo zimekutwa chini ya ardhi. Kwenye mtaa mmoja zilihesabiwa tabaka 28, moja juu ya nyingine, kuanzia karne ya 10 hadi ya 15. Barua ya kwanza ilifukuliwa tarehe 26 Julai 1951, na hadi sasa zimepatikana zaidi ya 1,100. Wala si mambo ya wafalme. Ni madeni, ni nani aletewe samaki, ni mwanamume Mikita anayemwambia Ulyana aolewe naye: mimi nakutaka wewe, nawe wanitaka mimi, na shahidi ni Ignat. Nilisoma maelezo yale nikacheka peke yangu. Hata shahidi kamtaja!

Kisha nikafika kwa Onfim. Onfim alikuwa mtoto, wataalamu wanakisia miaka sita au saba, aliyeishi karne ya 13. Yalipatikana magome yake kadhaa ya kujifunzia kuandika. Ameandika herufi kwa mpangilio, kisha silabi, ba, va, ga, da, halafu be, ve, ge, de. Nikasikia sauti ya darasa la kwanza pale kwetu, ba be bi bo bu, watoto sitini kwa pamoja. Na kama watoto wote, amechoka, akaanza kuchora. Kachora mtu juu ya farasi anamchoma adui mkuki, akaandika pembeni jina lake mwenyewe. Kwingine kachora dude lenye mkia uliojiviringisha, akaandika kwamba yeye ni mnyama wa porini, na pale pale: salamu kutoka kwa Onfim kwenda kwa Danilo.

Nilikaa kwenye kibenchi kilichokuwa karibu. Mwanangu ana miaka saba, nilimwacha kwa bibi yake, na karatasi ya herufi ilikuwa mkononi mwangu.

Siku ya pili nilivuka daraja la waenda kwa miguu kwenda upande wa soko la zamani, nikaona makanisa madogo ya wafanyabiashara. Moja nililolikusudia hasa nilikuta limefungwa. Siku za kufungwa hutofautiana kutoka jengo hadi jengo, kwa hiyo ulizia usiku wa kuamkia. Nikapanda basi namba 7 hadi Vitoslavlitsy, nje ya mji, zilikokusanywa nyumba na makanisa ya mbao kutoka vijijini. Nyumba moja ina jiko la udongo kubwa kama chumba, na juu yake ndipo wazee walipokuwa wakilala wakati wa baridi. Beba dawa ya mbu, nasema kweli. Na usikimbilie hotelini: mwezi Juni jua linazama baada ya saa nne usiku, na chini ya ngome, ukingoni mwa mto, familia nzima zinaoga na kuota jua.

Kabla ya treni nilinunua kipande cha gome. Nikakwaruza taratibu kwa msumari, kwa herufi zao: САЛАМУ КУТОКА КУА МАМА. W hawana, ikabidi niandike kua.

Nilipomkabidhi mwanangu aliligeuza geuza, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. "Mama, huyu aliyeandika hajui s."

Nikatoa ile karatasi, imeshachanika kwenye mikunjo, nikamkalisha karibu yangu.