Naanza na viti

Familia ikija kwa ushauri ofisini kwangu hapa Mombasa, siwapangii viti. Naangalia wanavyokaa wenyewe: mama na kifungua mimba bega kwa bega, baba peke yake upande wa dirishani. Salvador Minuchin, daktari wa akili aliyezaliwa Argentina mwaka 1921, alikuwa akiwahamisha watu viti katikati ya kikao, nami hufanya hivyo mpaka leo. Baba akisogea karibu na mkewe, mara nyingi mtoto ndiye anayeshusha pumzi kwanza.

Wanagenzi wangu wa ushauri hukimbilia nasaha. Nawaelewa, maana tumelelewa na wazee wa kuusia. Lakini kwenye usimamizi, tunapopitia pamoja vikao vyao, siwaulizi walisema nini. Nawauliza: pale watu waliponyamaza, ulimtazama nani?

Juzi mmoja alinijibu, "Mama, Mwalimu. Kila mara namtazama mama."

Basi tukachora ukoo wake mwenyewe, vizazi vitatu, kama Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani aliyetibu familia, alivyowahimiza wanafunzi wake wazichunguze familia zao. Tulipofika kwa babu yake aliyeihama familia yake, kalamu ilisimama. Sikumharakisha. Kikao kijacho atamsalimia baba kwanza, kisha tutazungumza.