Siku moja maishani mwangu: mfinyanzi wa sanamu za udongo

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya chai, naenda kuzitazama sanamu nilizozifunika kwa nailoni usiku, kwa kuwa udongo unaokauka upande mmoja kabla ya mwingine hupasuka. Kufika saa mbili nimekwisha kuukanda udongo mpya pamoja na unga wa vigae vilivyotwangwa.

Kuanzia saa tatu nakuwa na bibi. Alifariki zamani, huyu ninayemfinyanga ana kimo cha dhiraa moja, amekaa kwenye kigoda, na kwenye pindo la kanga yake pana fundo. Bibi yangu alikuwa Mzigua wa Handeni, mfinyanzi wa vyungu, na ndiye aliyenisimulia kwamba unyagoni wari walifundishwa kwa vinyago vya udongo, kila kinyago na wimbo wake, na mwali alitakiwa aufahamu wimbo pamoja na maana iliyofichwa ndani yake. Tangu utotoni, basi, sijapata kuiona sanamu ya udongo kuwa pambo tu.

Leo saa nne alikuja mteja aliyemwagiza bibi huyo kwa ajili ya sebule yake. Aliizunguka meza mara tatu, akaligusa fundo, akaniambia niusawazishe "uvimbe" ule. Nikamweleza kwamba humo ndimo bibi alimofunga fedha za vyungu, na kwamba fundo hilo lilifunguliwa mbele yangu siku niliponunuliwa sare ya shule. Akasema wageni wake hawatayajua hayo. Kisha akahamia kwenye bei: udongo si unachimbwa bure? Nikamweleza kazi ya kuukomba mwili uwe mtupu ndani, majuma ya kukausha, na kuni. Akasikiliza, akarudi kwenye uvimbe. Alipoondoka, saa saba ilikuwa imepita, hatujaafikiana, na mkono wa kulia niliokuwa nimeuacha wazi mezani ulikuwa umekauka kiasi cha kutokubali kushikana na bega, hata kwa uji wa udongo. Ilinibidi niufinyange upya, vidole vyote vitano.

Baada ya hapo sikutazama saa. Jokoni mlikuwa na sanamu nne za oda nyingine, na joko halikimbizwi: maji yaliyobaki ndani ya udongo yakigeuka mvuke kwa ghafla, sanamu hulipuka, na joto likifika nyuzi 573 za Selsiasi chembe za mchanga zilizomo huvimba, hivyo moto wa pupa huleta ufa. Nilichochea kuni kidogo kidogo, mgongo ukiniuma na macho yakiniwasha kwa moshi, hadi giza likaingia.

Kabla ya kulala nililoanisha kitambaa nikamfunika bibi mabega, kisha nikachukua kijiti cha mwanzi, nikalikaza fundo lile ili mikunjo yake ionekane vizuri zaidi.