Siku moja maishani mwangu: skauti wa mawaridi (mkagua wadudu na magonjwa ya maua), Naivasha

Saa kumi na nusu alfajiri. Simu inalia lakini mimi nishaamka kitambo, juu msimu wa Valentine mwili unaamka wenyewe. Naweka chai, namfunika mtoto vizuri. Mama mapacha wa mlango wa pili ndo humwamsha wa kwangu aende shule pamoja na wake, Mungu ambariki sana huyo mama. Natoka na sweta mbili, Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na baridi ya alfajiri hapa si mchezo.

Saa kumi na moja na robo niko steji Karagita tunangoja basi la kampuni. Giza likiwepo tunatembea kwa makundi, viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi na saa hizo ndo wanarudi, na tangu maji yapande ile 2020 wanapita karibu na nyumba kabisa.

Saa kumi na mbili wavunaji washaingia grinihausi na mikasi na ndoo zao za maji. Waridi hukatwa mapema kabla jua halijalichosha, na hukatwa likiwa limefumba. Hapa ndo watu hushangaa nikiwaambia. Petali moja mbili za nje zimeanza kulegea tu, basi linakatwa, linaingia kwa ndoo, linapelekwa chumba cha baridi nyuzi chache juu ya sifuri, lori la friji hadi Nairobi, ndege ya kama masaa manane mpaka Amsterdam, alafu linakuja kufungukia mezani kwa mtu ambaye sitawahi kumwona. Sisi tunalilea, yeye ndo analiona uso.

Mwezi huu wa pili presha ni nyingine. Haya mekundu tuliyapogoa Desemba, tukahesabu siku, maana toka kupogoa mpaka kukata ni kama siku 45 hadi 60, inategemea aina na baridi ya usiku. Usiku ukiwa wa baridi sana yanachelewa, na waridi jekundu linalofika Ulaya tarehe 15 limekosa siku yake. Mapinki tunayalenga sikukuu ya wanawake 8 Machi, alafu Waingereza nao wana siku yao ya mama, mara nyingi mwezi huohuo wa tatu. Ukifanya kazi ya maua unajua sikukuu za watu wengi kuliko za kwenu.

Saa moja naanza kazi yangu sasa. Mimi sivuni, mimi ni skauti. Nina lenzi shingoni, karatasi na penseli, natembea kitanda kwa kitanda, yaani tuta kwa tuta la mawaridi, naangalia magonjwa na wadudu kabla hawajasambaa. Nageuza jani, naangalia upande wa chini. Jani likiwa na vidoa vya manjano na utando mwembamba kama wa buibui, hao ni utitiri wekundu, naandika namba ya kitanda nafunga utepe. Hapa kwetu hatukimbilii dawa, tunamwaga utitiri wengine wanaokula wale wabaya, wanakuja kwa chupa wakiwa wamechanganywa na vitu kama pumba tunawanyunyizia juu ya majani. Kwa lenzi utawajua, yule mzuri ana rangi ya machungwa na anakimbia, yule mbaya amekaa tu ananyonya. Siku ya kwanza kumwona mzuri amemshika mbaya nilimwita kila mtu aliyekuwa karibu aje aone.

Mwenye kunikosesha usingizi lakini ni yule nondo, sisi tunamwita FCM, kifupi cha jina lake la Kiingereza, false codling moth. Anataga yai kwa ua, kiwavi anatoboa anaingia ndani ya tumba anakaa humo, na wewe ukiangalia kwa nje unaona tumba zuri kabisa. Wakaguzi wa Ulaya wakipata kiwavi hata mmoja mzigo unazuiwa, na tangu Aprili 2025 masharti yao yamekazwa zaidi. Kwa hivyo kila mlango wa grinihausi una neti, kuna mitego yenye harufu ya nondo jike, madume yanakuja yananasa, mimi nahesabu. Leo mitego yote sifuri. Nimepumua.

Saa nne ni chai na mandazi kwa kivuli. Mwenzangu mmoja ametoka Mombasa, na kila mara anatuambia kwao waridi halingoji Valentine, nyanyake anakaa jioni anafunga vikuba, asumini, mkadi, rehani na petali za waridi, watu wananunua wanaweka nywele zinukie. Anasema haya yetu mazuri lakini hayanuki. Ni kweli na inaniuma kidogo, aina nyingi za kusafirisha zinachaguliwa kwa kudumu kwenye vesi, chombo cha kuwekea maua, na kuvumilia safari, harufu imebaki nyuma. Yale ya Taif kule Saudia, yanayovunwa asubuhi kwa ajili ya marashi, yenyewe hayawezi kumaliza wiki kwenye vesi. Ekwado nao wanalimia kwenye milima, mita kama 2,800, baridi inachelewesha tumba mpaka linakuwa kubwa kama ngumi. Nimeona picha tu. Natamani siku moja nishike moja la kule.

Saa sita nafika grinihausi namba 4, mlangoni kuna bendera nyekundu, imepigwa dawa. Hakuna kuingia mpaka masaa yaishe, na mimi hiyo sheria naishikilia kabisa. Shamba moja nililofanya zamani tulikuwa tunaambiwa ingia tu harufu imeisha, nikakaa wiki mbili macho yanawasha na hakuna aliyejali. Kijana mgeni leo alitaka kupita achukue ndoo yake, nikamwambia mdogo wangu ndoo itangoja.

Saa nane napeleka ripoti, napitia greding. Huko ni mbio, wanapima urefu wa mashina, sentimita 40, 50, 60, wanafunga ishirini ishirini. Mengine yanaenda moja kwa moja kwa wenye maduka, mengine mnada wa Aalsmeer Uholanzi, ambako saa ya bei inaanza juu inashuka na anayebonyeza kwanza ndo mwenye mzigo.

Alafu naingia chumba cha vesi. Hiki ndo chumba ninachopenda kuliko vyote. Kila tunachosafirisha sampuli inabaki hapa kwa maji, tunaangalia litakaa siku ngapi, linafunguka vipi, shingo inapinda ama haipindi. Leo yako yale ya kitanda changu cha 12, siku ya sita. Yamefunguka yote, petali za nje zimejikunja nyuma na katikati bado yamejizungusha, jekundu lile zito. Nikasimama hapo kitambo. Pengine saa hii huko mtu anayaona hivi hivi.

Nikapiga picha.

Saa kumi na moja jioni niko nyumbani, sukuma iko jikoni, mtoto kabla hata ya kuvua viatu vya shule anauliza, mum, yamefunguka? Nampa simu. Anaangalia, anakuza picha kwa vidole, anasema na hili la pembeni mbona shingo inainama?

Namwambia hata mimi nimeliona, kesho nitaliangalia tena.