Kushika Jalada la Serikali: Kazi ya Msaidizi Mwandamizi wa Kisheria Marekani

Serikali ya shirikisho ya Marekani ikifunguliwa kesi ya madai hupewa siku 60 kujibu, ilhali mdaiwa wa kawaida hupewa 21. Anayeona huo ni upendeleo hajawahi kukusanya nyaraka za idara ya serikali. Mteja hapa ni taasisi yenye ofisi katika majimbo kadhaa, maofisa waliokwisha kustaafu, barua pepe za miaka kumi na kitengo cha TEHAMA ambacho hakuna aliyekiambia kwamba kuna kesi. Wakili ndiye anayesaini na kusimama mahakamani. Kujua karatasi gani iko wapi, imetoka kwa nani na lini, hiyo ni kazi ya msaidizi mwandamizi wa kisheria.

Wasaidizi hawa wako Wizara ya Sheria mjini Washington na katika ofisi za mawakili wa serikali kwenye wilaya 94 za mahakama za shirikisho. Kada yao katika utumishi wa serikali ni namba 0950, na waandamizi kwa kawaida huwa ngazi ya mshahara ya GS-11 au GS-12. Ajira ya moja kwa moja kwa kawaida hudai uraia wa Marekani. Msomaji wa Tanzania asiwachanganye na wasaidizi wa kisheria wa vijijini wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wale humsaidia mwananchi. Hawa wako upande wa pili wa meza.

Kazi huanza na tarehe. Chini ya kanuni ya 4(i) ya kanuni za shirikisho za mashauri ya madai, anayeishtaki serikali hufikisha wito na hati ya madai kwa wakili wa serikali wa wilaya, hutuma nakala kwa Mwanasheria Mkuu mjini Washington kwa posta ya rejista au ya uthibitisho, na kama anapinga uamuzi wa idara fulani, idara hiyo nayo hutumiwa. Siku 60 huhesabiwa tangu wakili wa wilaya alipopokea. Kosa linalojirudia ni mtu kuandika kwenye kalenda tarehe ambayo kesi ilisajiliwa, au tarehe ya mhuri wa idara, kwa kuwa ndiyo karatasi aliyoiona kwanza. Siku ya kupokea yenyewe haihesabiwi, wikiendi zinahesabiwa, na siku ya mwisho ikiangukia wikiendi au sikukuu, muda husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Wito uliopokelewa Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, ulifikisha siku ya 60 Jumamosi, tarehe 3 Mei. Kwa hiyo mwisho ulikuwa Jumatatu, tarehe 5. Kesi za kudai nyaraka chini ya sheria ya uhuru wa habari ni tofauti: huko jibu ni siku 30. Kabla ya kugusa kalenda, soma kwanza kesi imefunguliwa chini ya sheria gani.

Katika madai ya fidia kwa uzembe wa watumishi wa serikali, chini ya sheria ya 1946, msaidizi hutafuta karatasi mbili kabla ya kitu kingine chochote. Ya kwanza ni SF-95, fomu ya kudai fidia kwa idara, yenye mhuri wa kupokelewa, kwa sababu mdai ana miaka 2 ya kuwasilisha dai lake kwa idara, tena kwa kiasi cha fedha kilichotajwa. Ya pili ni barua ya kukataa dai pamoja na stakabadhi ya posta, maana miezi 6 ya kwenda mahakamani huanza siku barua hiyo ilipotumwa. Fomu isipopatikana, ofisa wa idara hutoa tamko chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwamba ametafuta na hakuona. Tamko dhaifu husema hivyo tu. Tamko zuri hutaja mifumo iliyopekuliwa, siku ya kupekua na tahajia zilizotumika. Hapo kwenye tahajia ndipo majina yetu yanapopotea: Juma Hamisi Salum anaweza kuwa amesajiliwa kama Salum Juma, au Hamisi akafanywa jina la ukoo, au Khamis kwa kh. Karani akitafuta jina la mwisho peke yake, idara itaapa kwamba dai halipo, kisha mdai atoe nakala yake yenye mhuri wa idara hiyo hiyo.

Kalenda ikishakaa sawa, inafuata barua ya zuio la kufuta kumbukumbu. Isisubiri jibu la madai. Itaje watu kwa majina, kipindi kinachohusika, na mahali kumbukumbu zilipo: barua pepe, folda za pamoja, simu za kazi, jumbe za mtandao wa ofisi. Barua nyingi huenda kwa maofisa wanaotajwa kwenye hati ya madai na kuishia hapo. Hilo halitoshi. TEHAMA na utumishi nao waipate, kwa sababu ofisa anapostaafu akaunti yake hufungwa kwa utaratibu wa kawaida na simu yake hufutwa ili apewe mwingine, bila nia mbaya ya mtu yeyote. Kanuni ya 37(e) haiulizi nia peke yake. Huuliza pia kama hatua za busara zilichukuliwa. Jibu liko kwenye rejista ya msaidizi: jina, siku barua ilipotumwa, siku aliyothibitisha kuipokea, siku data ilipochukuliwa.

Kuchukua data nako kuna namna yake. Ofisa akikutumia barua pepe kwa kuisambaza upya, kumbukumbu ya nakala asili haiji nayo: tarehe ni ya leo na mtumaji ni yeye. Faili za Excel zikichapishwa, safu zilizofichwa na fomula hazionekani. Omba TEHAMA itoe faili asili. Kila ukurasa unaokwenda kwa upande wa pili hupewa namba ya Bates, yaani namba ya mfuatano isiyojirudia, mathalani USA-0000001. Tumia tarakimu saba tangu mwanzo hata kama nyaraka ni chache, na namba ikishatoka usiibadilishe. Ukurasa uliosahaulika huingia mwishoni kwa namba mpya, na barua ya kuupeleka ieleze hivyo. Anayepanga upya namba katikati ya kesi hufanya mahojiano yote ya mashahidi yaliyokwisha kufanyika yarejee kurasa zisizokuwepo.

Kuziba maandishi ya siri ndiko kunakoaibisha ofisi. Kisanduku cheusi kilichochorwa juu ya PDF hakifuti kilicho chini yake. Msomaji huchagua, hunakili na kubandika kwingine, na kila kitu husomeka. Tumia zana ya kuziba inayoondoa maandishi, kisha jipime mwenyewe: nakili ukurasa mzima, ubandike kwenye faili tupu, usome. Kwa hati zinazowekwa mahakamani, kanuni ya 5.2 huruhusu tarakimu nne tu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii na ya akaunti ya benki, mwaka tu wa kuzaliwa, na herufi za mwanzo tu za jina la mtoto. Nyaraka zinazozuiwa kwa kinga ya wakili na mteja, au kwa kinga ya majadiliano ya ndani ya serikali, huorodheshwa moja moja pamoja na sababu. Wakili kuwekwa kwenye nakala ya barua hakuifanyi kuwa ya siri. Nayo kinga ya majadiliano mara nyingi hudai tamko la kiongozi wa idara, na kiongozi hasaini ndani ya siku mbili. Mkumbushe wakili aombe mapema amri ya mahakama chini ya kanuni ya 502(d) ya kanuni za ushahidi, ili hati ya siri ikiponyoka isihesabiwe kwamba kinga imeachwa.

Vielelezo vya siku ya kesi ni kazi nyepesi kama haya yamefanyika. La kuangalia ni nakala zenye mhuri wa idara, zinazojithibitisha bila shahidi: ziombwe wiki kadhaa kabla.

Msaidizi hasaini hati za mahakama, hatoi ushauri na hakubali masharti ya suluhu. Mdai asiye na wakili akipiga simu kuuliza afanye nini, anaweza kuambiwa shauri limepangwa lini, basi.

Hukumu ikitoka, zuio linabaki. Serikali ikiwa upande mmojawapo, kila upande una siku 60 za kukata rufaa, na katika baadhi ya kesi mshindi ana siku 30 zaidi za kuomba gharama za wakili baada ya hukumu kuwa ya mwisho. Muda huo ukipita, wakili huandika barua ya kuondoa zuio, na msaidizi huipeleka kwa kila aliyepata ile ya kwanza, TEHAMA wakiwemo, akiandika kwenye rejista tarehe ya kila mmoja.