Taksimu si pa kuonyeshea vidole

Mpiga udi akipewa taksimu, kipande cha ala peke yake cha kubuni papo hapo, kabla ya wimbo wa taarab, wengi huona wamekabidhiwa uwanja. Mimi naona wameazimwa tu, na mwenyewe, mwimbaji, kakaa pembeni akingoja kuimba.

Chukua Bayati ya re, yaani makamu (mpangilio wa noti) ya Bayati inayoanzia re. Anza chini: zunguka re, mi ya robo (iliyoshushwa robo toni), fa na sol, wala usivuke sol kabla msikilizaji hajajua nyumbani ni wapi. Kisha simama kwenye sol, onja makamu nyingine, Nahawandi au Rasti, gusa re ya juu mara moja, ushuke utulie pale ulipoanzia. Dakika moja na nusu yatosha. Anayeanzia juu hubaki hana pa kwenda ila kuongeza kasi. Kubaya zaidi ni kumalizia makamu ya Hijazi kwa kuwa tu mpigaji anaipenda. Mwimbaji anaingia huku masikio yamejaa mi bemoli (iliyoshushwa nusu toni) na fa diezi (iliyopandishwa nusu toni), mshororo wa kwanza unakwenda upande, na lawama anabeba yeye. Hiyo ni dhuluma, hata kama vidole vilikuwa vitamu.

Kinanda cha umeme hakina mi ya robo, ila kina dawa: shusha mi kwa senti 50 (robo toni), halafu punguza kidogo tena kwa sikio, maana mi ya Bayati hukaa chini kuliko ya Rasti. Wimbo ukihamia makamu ya Ajamu ya do, mi inatakiwa kamili, bila kushushwa, basi hifadhi mipangilio miwili. Kodiani haina njia hiyo, labda ndimi zake zikwanguliwe karibu na shina. Isipokwanguliwa, mpigaji airuke mi, awaachie wa fidla na udi. Wachache wana subira hiyo!

Kuhusu kuazima: Unguja imejifunza kwa Misri tangu enzi za Sultani Barghash, na Mombasa imechota sana kwenye filamu za Kihindi. Kipande kifupi cha mtu ndani ya taksimu hakinisumbui. Linalonikera ni sauti (melodi) nzima kubebwa, ikavikwa shairi jipya, kisha pakaandikwa “mtunzi” na jina moja. Andika matatu mbali mbali: mwenye shairi, mwenye sauti, mwimbaji. Sauti ikiwa ya Misri, taja wimbo ilikotoka. Usipoujua, waulize wazee wa kikundi kabla ya kurekodi. Mara nyingi wanaukumbuka mpaka na aliyeuimba.