Kinanda Kiifuate Ilimba

Dodoma, Jumapili usiku

Kazi ya kumiksi mkusanyiko wetu wa nyimbo imefika kwenye nyimbo zenye ala za Kigogo, na wiki hii yote nimekuwa nikilitafakari swali moja tu: nani amfuate nani? Katika kila wimbo wa aina hiyo kuna ilimba, yaani kisanduku chenye fito za chuma zinazobonyezwa kwa vidole, au zeze lililorekodiwa nyumbani kwa mzee fulani vijijini, na juu yake kuna sinthesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki, iliyopangwa kwenye kompyuta na kijana wa Nkuhungu au Chang'ombe, na vitu hivyo viwili havikubaliani sauti. Mazoea ya watengeneza biti ni kuichukua programu ya kusahihisha sauti na kuivuta ilimba mpaka ikae sawa na kinanda. Mimi ninashikilia kwamba katika mkusanyiko huu tufanye kinyume chake, na ninaandika sababu zangu hapa kwa utulivu, kwa kuwa kikao chetu cha mwisho kilikuwa na joto kiasi kwamba hoja nyingi zilikatizwa kabla hazijafika mwisho.

Wanaoshiriki wote wana shughuli nyingine za kuwaingizia riziki. Yupo fundi wa simu wa Majengo, yupo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayesomea takwimu, yupo dada mwenye genge la mboga Sabasaba ambaye hutengeneza biti usiku, watoto wakishalala. Wengi hutumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, kwenye kompyuta za mpakato zilizopitia mikono mingi, na baadhi hufanya kila kitu kwenye simu. Ujasiri wao umetoka kwa sehemu kubwa Dar es Salaam, kwenye singeli, ule muziki wa kasi wa mitaani. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, vijana wa huku waliona kwamba mdundo wa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, uliotengenezwa na watu wa kawaida wa mtaani, unaweza kuvuka mipaka bila kubadilishwa lafudhi. Ninaiheshimu sana singeli. Lakini nchi ya Wagogo nayo ina hazina yake, na hazina hiyo inadai masikio ya namna nyingine.

Ukipiga uzi mmoja mrefu, ndani ya sauti moja unayoisikia mna sauti nyingine nyingi ndogo zilizopandana kwa mpangilio wa asili. Tuchukue mfano wa sauti ya msingi yenye mitetemo 100 kwa sekunde: juu yake zipo za mitetemo 200, 300, 400, na kuendelea. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyeusikiliza muziki wa Wagogo kwa makini, alieleza kwamba sauti wanazoimba na wanazotega kwenye ala zao zinatokana na ngazi hiyo, kuanzia ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Katika mfano wetu hizo ni 400, 500, 600, 700, 800 na 900. Kinanda cha kompyuta, kwa upande wake, hugawa oktavu moja katika hatua 12 zilizo sawa, na hatua hizo hazilingani na ngazi ya asili. Pale ambapo ilimba inatoa 500, kinanda kinatoa karibu 504. Pale ambapo ilimba inatoa 700, kinanda kinatoa karibu 713.

Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, ila kwenye spika inauma. Sauti ya 700 na ya 713 zikilia kwa pamoja, hugongana mara 13 kila sekunde, na msikilizaji anasikia mkwaruzo unaotetemeka ambao hajui chanzo chake. Kijana aliyeko mbele ya kompyuta anausikia mkwaruzo huo na kuhitimisha kwamba ala ya mzee haijategwa vizuri. Nilipoupeleka wimbo mmoja Chamwino ili mpigaji wa ilimba ausikilize, alitulia, akaomba urudiwe, kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, hicho kinanda chenu kinapanda mno pale juu." Sauti aliyoionyesha kwa kidole, huku akiigonga kwenye ala yake, ilikuwa ni ile ya saba. Hakuwa na kipimo chochote zaidi ya masikio yake, na kipimo changu kilipothibitisha baadaye, niliona aibu kwa niaba ya fani yetu nzima, inayowaita watu kama yeye malighafi.

Hoja ya upande wa pili ilitolewa vizuri na ninaitendea haki. Mwenzetu mmoja alisema kwamba msikilizaji wa redio amezoea kinanda, kwa hiyo muziki uliotegwa Kigogo utamfikia kama kitu kilichokosewa. Ningekubaliana naye kama tungeacha vyote viwili vigombane. Sikio linalalamika kwa sababu ya ugomvi, na ugomvi ukiondolewa, hakuna anayelalamika. Zaidi ya hayo, kuivuta ilimba kwa programu kunaacha alama: mkia wa kila sauti unakuwa kama umepita ndani ya bomba la plastiki, na ule mvumo wa juu unakatika vipandevipande.

Mvumo huo nao unastahili maneno. Kwenye kisanduku cha ilimba hutobolewa tundu na kuzibwa kwa utando wa buibui, ili kila ufito wa chuma unapobonyezwa, sauti safi isindikizwe na mvumo mwembamba. Mafundi walioibuni ala hii waliutaka mvumo huo, wakautafutia utando na kuubandika kwa makusudi. Katika faili za awali nilizopokea, nyimbo kadhaa zilikuwa zimepitishwa kwenye programu ya kuondoa kelele, na mvumo ulikuwa umefutwa wote pamoja na upepo wa Dodoma. Nimeomba faili za mwanzo zirudishwe. Upepo tutaupunguza kwa njia nyingine, kwa kurekodi alfajiri kabla haujaanza kuvuma na mbali na paa la bati, lakini mvumo wa ilimba utabaki, hata ikibidi nibaki na kelele kidogo pembeni yake.

Kuitega upya sinthesaiza si kazi ngumu kama wengi walivyodhani. Surge XT, sinthesaiza ya kompyuta ambayo hupatikana bure, hupokea faili la maandishi linaloeleza kila sauti ikae wapi, na faili hilo linaandikwa kwa mistari michache. Kwa anayetumia sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa, tulikubaliana kila sauti ipewe njia yake na ishushwe kwa senti, yaani mia moja ya hatua moja ya kinanda: sauti ya tano ishuke senti 14, na ya saba ishuke senti 31. Hayo ni makadirio ya kuanzia tu. Kila fundi hutega ilimba yake kwa sikio lake, kwa hiyo tunaisikiliza ile iliyopo kwenye rekodi na kuifuata, hata pale inapoachana na hesabu ya Kubik. Mwanafunzi wa takwimu ndiye aliyelipokea jambo hili kwa furaha kuliko wote, na wimbo wake sasa una besi inayokaa chini ya ilimba bila kusukumana nayo, kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwenye kazi zetu za nyuma.

Kanuni ileile nimeipeleka kwenye ngoma. Wimbo wa fundi wa simu umejengwa juu ya muheme, ngoma zenye kiuno chembamba ambazo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, zikiwa zimebanwa kati ya mapaja. Yeye alikuwa ameweka kiki nzito ya kompyuta, yaani pigo la besi, juu yake, na kompresa, chombo cha kushusha sauti, ilikuwa imefungwa hivi kwamba kila kiki inapogonga, ngoma inashuka. Hiyo ndiyo desturi ya muziki wa klabu duniani kote. Nimegeuza mkondo: sasa muheme unapogonga, kiki ndiyo inayoshuka, kisha inarudi. Nimeufupisha pia mkia wa kiki ili isikalie sehemu ya chini ambako ngozi ya ngoma inaanza kuzungumza. Mwanzoni alihofia kwamba wimbo utapoteza nguvu. Tulipousikiliza kwenye spika za bodaboda ya jirani, nguvu ilikuwepo, na mara hii ilitoka kwa wale kina mama.

Kuhusu ukubwa wa sauti sitaandika mengi. Nimewaomba wote walete faili za WAV za bit 24, zisizo na limita (chombo cha kuzuia vilele vya sauti), vilele vikiwa angalau desibeli 6 chini ya ukomo, ili nafasi ya kufanyia kazi iwepo. Spotify husawazisha sauti za nyimbo karibu na LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 14 chini ya ukomo, hivyo anayeuminya wimbo wake ili apige kelele kuliko mwenzake anaharibu midundo yake bila faida yoyote. Katika mkusanyiko wa watu wengi, hilo pia ni suala la adabu.

Jambo ambalo sitalegeza ni majina. Mpigaji wa ilimba ataandikwa kuwa mtunzi mwenza kwenye kila wimbo uliosimama juu ya ilimba yake, na kina mama wa muheme wataandikwa kwa majina yao yote, kwa ridhaa yao, na si kwa neno "sampuli". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa hata sanaa za jadi, lakini hata kama isingekuwepo, tungewajibika vilevile. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Wagogo aliyefariki mwaka 2003, alifanya kazi na Michael Brook wa Kanada, na kazi yao ya mwaka 2002 ilibeba majina ya wote wawili kwenye jalada. Ilimba na mitambo vilikutana pale kama watu wawili wazima. Vijana wetu hawana sababu ya kuwapa wazee wa hapa nyumbani heshima pungufu kuliko hiyo.

Umebaki wimbo mmoja wa zeze, nao ndio mgumu kuliko yote. Mpigaji haendi kwa mwendo wa saa. Anaharakisha anapofika kwenye maneno anayoyapenda, kisha anavuta pumzi na mdundo unavuta pumzi pamoja naye. Dada wa Sabasaba alikuwa amelikatakata zeze ili likae kwenye mistari ya kompyuta. Tumezungumza kwa simu jioni hii, na amekubali kuufungua upya: ataanza na rekodi nzima bila kuikata, ataweka alama kwa mkono kila pigo linapoangukia, halafu mwendo wa programu utafuata alama hizo na ngoma zake zitapangwa juu yake. Ni kazi ya uvumilivu, na anaifanya baada ya kufunga genge. Amesema atahitaji mpaka mwisho wa mwezi. Nimewaandikia wengine kwamba tarehe ya kutoa mkusanyiko inasogezwa mbele.