Meza ya Mama wa Wizarani

Mwaka 2017 Dodoma ilijaa Fuso zilizobeba magodoro na makochi. Mpango wa kuhamishia makao makuu huku ulikuwepo tangu 1973, ila wengi tulikuwa tumeshauzoea kama wimbo wa redioni. Mwaka 2016 serikali ikaamua kuhama kweli, na watumishi wa wizara wakaanza kushuka na vyombo vyao kutoka Dar es Salaam. Kule Majengo tuliwapokea kwa furaha ya wafanyabiashara. Kodi za vyumba zikapanda, mama ntilie wakaongeza masufuria, na karakana ya mjomba wangu, iliyokuwa ikiishi kwa vitanda na fremu za milango, ikaanza kupata kazi ya kurekebisha samani za watu.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo. Nilifagia maranda, nikapiga msasa, nikatumwa misumari. Mjomba hakunilipa, alisema ananilisha. Ukiniona kwenye picha za mwaka ule utajua hakuwa anadanganya.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, upepo ukiwa umeshaanza kurusha vumbi, Fuso ilisimama mbele ya karakana na bajaji nyuma yake. Kwenye bajaji alishuka mama mmoja wa makamo, mtumishi wa wizara. Kwenye Fuso alishuka dereva na utingo wake, na nyuma kulikuwa na meza kubwa ya kuandikia yenye droo. Walifika wakiwa wameshaanza kugombana huko walikotoka.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Dereva alikuwa amemhamisha mama mwezi wa sita na nauli ikabaki nusu. Sasa meza ilikuwa imepasuka juu, ufa umeanzia ukingoni na kuingia hadi karibu na katikati, sarafu ya shilingi mia unaisimamisha ndani yake. Mama akasema meza iligongwa njiani, na nauli hamalizii. Dereva akasema aliifunga katikati ya magodoro mawili kama mtoto. Mtu fulani ndiye aliyewashauri waende kwa fundi asiyemjua yeyote kati yao.

"Shikamoo mzee," mama alisema. "Nataka useme ukweli tu. Hii si imegongwa?"

Mjomba aliitikia, akavaa miwani, akatuamuru tuipindue meza miguu juu. Yeye hakuwahi kuikagua meza kwa upande wa juu. Alisema upande huo ndio fundi anaoutengeneza kwa ajili ya mteja, wa chini anautengeneza kwa ajili ya nafsi yake.

Alipitisha kidole kwenye ufa taratibu. Kisha akauliza swali ambalo lilimfanya dereva anitazame mimi, kana kwamba nitafsiri: "Mama, tangu uje huku, midomo yako haijapasuka?"

"Midomo, visigino, kila kitu. Mafuta hayatoshi."

"Basi na meza ilikuwa inataka mafuta."

Akaanza kueleza. Mbao ikigongwa huvunjika kwa mabua mabua, na pale ilipopigwa pana bonde. Hapa hapana bonde. Ufa umefuata nyuzi za mbao, mpana mwanzoni na mwembamba kama uzi mwishoni. Meza hii ilikaushwa kwa ukavu wa Dar, ambako hewa ya bahari ina unyevu mwaka mzima. Dodoma mvua zikikatika mwezi wa nne au wa tano, huoni tone hadi wa kumi na moja au na mbili. Mbao inatoa maji iliyobaki nayo na kusinyaa. Aliyeitengeneza alikuwa ameigandisha sehemu ya juu kwa gundi na kuikaza kwa skrubu pande zote za fremu. Ilipotaka kusinyaa ikakuta imeshikwa, ikaamua kupasuka.

Dereva alitaka kuondoka na hukumu yake hapo hapo. Mama hakukubali. Alisema hayo ni maneno ya mafundi, mbao iliyokufa inasinyaaje?

Hapo ndipo mjomba aliponituma mfuko wa saruji.

Lazima niseme kwamba mjomba ni mtu wa Mufindi, na ujana wake aliumalizia katika kiwanda cha karatasi cha Mgololo, miaka ile ya 1980 kilipoanza kazi. Ukimpa nafasi ya kuzungumzia Mgololo, chai itapoa. Alichana mfuko kwa urefu, ukachanika umenyooka. Akauchana kwa upana, ukaenda kombokombo. Akamwambia mama kwamba karatasi ile ngumu ya kahawia inatokana na msindano, na inachanika hivyo kwa sababu nyuzi za mti zimelala upande mmoja.

Akamweleza zilivyofika hapo. Magogo yanaingizwa kwenye pipa kubwa linalozunguka, yanasuguana hadi magome yanatoka. Yanakatwa vipande vidogo, vinapikwa kwa mvuke na dawa kali saa kadhaa, mpaka ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti iyeyuke. Karibu nusu ya mti inaondoka na ule mchuzi mweusi, na mchuzi hautupwi, unachomwa kupata mvuke na kurudisha dawa. Harufu yake ni ya yai viza. Alisema mkewe alijua zamu yake kwa kunusa shati. Nyuzi zinaoshwa, zinachanganywa na maji mengi mno, katika ndoo mia hata moja nzima si nyuzi, halafu uji huo unamwagwa juu ya wavu unaokimbia. Maji yanachuruzika, nyuzi zinabaki zimeelekea kule wavu unakokwenda. Kinachofuata ni kukamuliwa na kupitishwa kwenye mapipa ya moto.

"Sasa tazama," alisema. Akakata kipande cha mfuko, akachovya brashi, akalowesha uso mmoja tu. Karatasi ikajikunja yenyewe juu ya benchi hadi ikawa bomba, mama akiiangalia.

"Uso uliokunywa umenenepa, mwingine bado. Hizo nyuzi zimepikwa, zimekamuliwa, zimekaushwa, na bado zinakunywa. Sembuse za meza yako ambazo hakuna aliyezipika? Mti unanenepa na kukonda, mama. Ila haurefuki."

Mama alicheka kwa mara ya kwanza. Kicheko hakikudumu, kwa sababu mjomba alikuwa ameshachukua patasi na kukwangua chini ya meza, mahali pasipo na vanishi. Akanusa. Akanipa mimi ninuse. Utomvu.

"Hii uliuziwa kama mti gani?"

"Mninga."

Mjomba alinyamaza kidogo. Akamwonyesha: miguu ni mninga kweli, ile rangi ya udongo yenye michirizi myeusi. Mninga ukikatwa porini hutoa utomvu mwekundu kama damu, na mafundi tunaupenda kwa sababu haunenepi wala haukondi sana. Lakini ubao wa juu ulikuwa msindano uliopakwa rangi, na vifundo vilizibwa kwa unga wa mbao na gundi. "Huyu wa juu ni ndugu yangu wa Mufindi," alisema, "amevaa koti la mtu."

Mama alipiga simu Dar papo hapo. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa haipatikani. Akafungua pochi na kumhesabia dereva nauli yake yote, na dereva, ambaye angeweza kuondoka kimya akaeleweka, akadai na soda.

Meza ilibaki kwetu. Tulifungua skrubu, tukanyoosha kingo za ufa kwa randa, tukaubana kwa gundi na klempu. Kazi niliyopewa mimi ni matundu ya skrubu kwenye fremu: nilitoboa kwa drili kisha nikayarefusha kwa tupa, yakawa marefu badala ya kuwa duara, ili ubao uteleze kidogo huku na huku bila kung'oka. Nilikasirika, tupa ilikuwa butu. Lakini fremu haikuwa na gundi tena, na hapo ndipo dawa ilipokuwa.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimekolea, mama alimpigia mjomba. Droo ya kati haifunguki.

"Imenenepa. Subiri mwezi wa tano, na usikubali mtu aipige randa."

Alimwita fundi wa jirani, akaipiga randa. Mwezi wa nane droo ilikuwa inafunguka yenyewe kila akiegemea meza, na mjomba akamtoza bei kamili.